Sauti Iliyotiwa Chunguni

Chungu kilichelewa kulia. Hilo ndilo lililoanza, nalo lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba mtu mwenye shughuli zake angelipita tu. Bi Sindano alikigonga kwa mwiko kuona kama kina ufa, akatega sikio, asisikie kitu. Alipokwisha kugeuka arudi kwenye cherehani yake, ndipo chungu kikasema nyuma yake, "Ngooo," polepole, kama mzee aliyeamshwa usingizini.

Alikigonga tena. Mwiko ukagusa chuma. Kimya. Akahesabu moja, mbili. Ngooo.

"Wewe, chungu hiki umekitoa wapi?" akamuuliza mdogo wake.

"Kwenye ile nyumba kuukuu tunayoibomoa, dada." Mdogo wake alikuwa mwashi, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji kabla ya umri wake. "Kilifukiwa chini ya sakafu ya jikoni, kifudifudi, na juu yake wameweka jiwe. Chuma hasa hicho, si sufuria za siku hizi zinazobonyea ukizikazia macho."

"Na ndani yake?"

"Hamna kitu. Kitupu."

Bi Sindano alitaka kuuliza ni nani anayehangaika kufukia chungu kitupu na kukiwekea jiwe. Lakini siku hiyo ilikuwa Alhamisi, sherehe ya kuzaliwa ya binti yake ni Jumamosi, na alikuwa na majoho kumi na moja ya kushona. Swali likampita.

Mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na hakuna aliyejua ni kipi kati ya hivyo kilichompa jina kwanza. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti wa kutimiza miaka minane, ambaye wote walimwita Chiriku. Aliongea akila, akaongea akioga, akaongea hata usingizini. Baba yake, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa na mzaha wake kwamba yeye huenda kazini kupumzisha masikio.

Chiriku ndiye aliyetaka sherehe ya wachawi.

"Uchawi si kitu cha kuchezea," mama yake alimwambia.

"Si wale wa kuwanga, Mama! Hawa wa vitabuni. Wana kofia ndefu na fimbo, wanageuza vyura."

"Wanawageuza kuwa nini?"

Chiriku alifikiri. "Kuwa vyura wakubwa."

Bi Sindano akacheka, na mama akishacheka amekwisha kukubali. Akatafuta mabaki ya bitana nyeusi, akashona majoho. Akakunja kofia za manila, akabandika nyota. Juisi akaitia kwenye chupa za dawa alizochemsha, kila chupa na kibandiko chake: Dawa ya Kuruka, Dawa ya Kutoogopa Hesabu. Mjomba, yule mwashi, akajiteua Mchawi Mkuu, akajitengenezea ndevu za pamba kwa gundi ya unga, na akasema sherehe ya wachawi bila chungu ni harusi bila bibi harusi.

Jumamosi saa tisa watoto wakafika. Mlangoni kila mmoja alivishwa joho, akapewa fimbo na jina jipya, na kwa muda wa saa nzima nyumba ile ilijaa vicheko, bisi zikikanyagwa sakafuni, baluni zikipasuka, na ndevu za Mjomba zikiingia kwenye juisi kila alipoinama. Bi Sindano alisimama mlango wa jikoni na kisu cha keki mkononi, akajisemea kwamba kumbe alihangaika bure.

Kisha Mjomba akapiga makofi. "Wachawi wangu! Hakuna apataye nguvu bila kutoa kitu. Kila mmoja ainame chunguni, aseme anatoa nini."

Wakapanga mstari. Mmoja akatoa soksi zake. Mmoja akatoa kazi zote za shuleni, akashangiliwa. Kitoto kimoja kikasema kinamtoa mdogo wake anayelia sana, na Mjomba akainua fimbo haraka: "La! Chungu hakipokei watu." Wa mwisho alikuwa Chiriku, ambaye muda wote huo hakufunga mdomo, akiwaelekeza wenzake namna ya kuinama na nini cha kusema.

"Wewe toa hiyo sauti yako," Mjomba akatania, "tupumzike sote."

Watoto wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka, akaingiza kichwa chunguni mpaka mabegani, na wote wakamsikia akisema, "Natoa sauti yangu."

Kimya. Moja, mbili.

"Nimepokea," chungu kikajibu. Kilijibu kwa sauti ya Chiriku.

Watoto wakapiga makofi, wakidhani ni ufundi wa Mjomba. Lakini Bi Sindano alikuwa akimtazama mdogo wake usoni, akaona midomo nyuma ya zile ndevu za pamba imebaki wazi. Na harufu ikapanda mle sebuleni, harufu ya udongo uliofunikwa miaka mingi bila kuona jua. Chiriku akatoa kichwa chunguni, akawageukia wenzake, akafungua mdomo aseme kitu. Hakikutoka kitu. Akafungua tena. Wenzake wakazidi kucheka, maana alifanana na samaki.

Keki ililiwa, wageni wakachukuliwa na wazazi wao. Bi Sindano alimpeleka mwanawe chumbani, akampigia magoti.

"Mchezo umekwisha, mama. Sema sasa."

Chiriku akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka mengi, yakamlowesha kidevu, na hapakuwa na kwikwi wala pumzi ya kilio. Alilia kama picha inavyolia.

Jumapili asubuhi walikwenda zahanati. Daktari alimmulika koo, akaligusa, akaandika: koo ni zima. "Huenda ni mshtuko, mama. Mpe muda." Wakarudi nyumbani. Bi Sindano akamkalisha mtoto sebuleni na karatasi na kalamu za rangi, akatoka uani kuanua nguo.

"Mama!"

"Abee!" akaitika, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Akaachia nguo zikaanguka, akageuka kuelekea mlangoni kumkimbilia mwanawe, na ndipo alipogundua kwamba sauti haikutoka ndani ya nyumba. Ilitoka kwenye pipa la maji.

"Mama, maji ya humu baridi," ilisema, kwa kulalamika kulekule kwa Chiriku siku za kuoga asubuhi. "Mama, nifunulie."

Pipa lilikuwa na kifuniko, na juu ya kifuniko tofali. Kupitia dirishani alimwona Chiriku sebuleni, kalamu mkononi, ameinua uso. Naye amesikia.

Bi Sindano hakufunua. Aliingia ndani, akafunga mlango wa nyuma kwa komeo, akaburuta meza na kuiegemeza hapo. Jioni mumewe akapiga simu kutoka njiani.

"Eti mtoto anaumwa? Mbona mchangamfu?"

"Mchangamfu vipi?"

"Si nimetoka kuongea naye sasa hivi! Kapokea yeye simu yako, kanipigia porojo weee. Anasema umeweka meza mlangoni, niwaambie muitoe, anataka kuingia." Akacheka. "Amejifungia nje tena huyo?"

Simu ya Bi Sindano ilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake tangu alasiri, na kabla ya simu hii haikuwa imelia hata mara moja.

Usiku ule hakulala. Alikaa kitandani amemkumbatia mtoto, akisikiliza kuta zikinong'ona hadithi za shuleni, nani kampiga nani, mwalimu kavaa viatu gani, porojo zile zile zilizokuwa zikimchosha jikoni, ambazo sasa alizizuia masikioni kama mtu anayeziba mvua kwa viganja. Jumatatu mchana, baada ya kula, uchovu ukamshinda. Alijilaza na gauni lake, uso ukielekea ukutani, jua likiwa jeupe dirishani, na usingizi ukamchukua nusu. Katika nusu ile iliyobaki macho alisikia godoro likibonyea nyuma yake, na mwili mdogo ukijipenyeza kwenye shuka, na magoti mawili yakimgusa mgongoni pale pale yalipozoea kumgusa tangu mtoto ana miaka miwili, na pumzi ikimwagika shingoni mwake, pumzi yenye harufu ya udongo, lakini usingizi ulikwisha kuifunika harufu ile ikawa kama harufu ya mbali, ya nyumba ya watu wengine.

"Mama?"

"Abee, mwanangu," akaitika.

Kisha akafumbua macho, akageuza kichwa taratibu kuelekea mlangoni. Chiriku alikuwa amesimama pale na mwanasesere wake mkononi. Hakumtazama mama yake. Alitazama kitu kilicholala nyuma ya mama yake, na uso wake ulikuwa umekauka kama karatasi.

Namna walivyotoka katika nyumba ile Bi Sindano hakuikumbuka baadaye. Alikumbuka tu kwamba alimbeba binti wa miaka minane kama kifurushi, pekupeku, mpaka kule mdogo wake alikokuwa akijenga, na kwamba mwashi yule alipomwona alitupa mwiko wa saruji, akasema bila kuulizwa, "Ni mimi, dada. Ni mimi niliyemwambia atoe."

Wakamwendea Bibi Mkunga.

Nusu ya mtaa ilikuwa imepita katika mikono ya mama yule mzee, na ingawa alikwisha kustaafu na hakuweka kibao mlangoni, watu wenye mashaka ya majini walijua pa kugonga. Alipokea shikamoo zao, akamshika Chiriku kidevu, akamchungulia kinywani kama anayetazama kisima.

"Huyu nilimtoa mimi," akasema. "Alizaliwa kimya. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Bibi."

"Huyo mwingine, umemwitikia mara ngapi?"

"Mara mbili."

Bibi Mkunga akashusha sauti. "Ya tatu usiitike. Hata ukisikia anachinjwa, usiitike. Jini yule hana mama, na sasa ana sauti ya kumtafutia mama. Mwanamke akimwitikia mara tatu, basi amemzaa. Na huyu wako atafifia, mpaka siku moja utaweka sahani mezani usijue ulikuwa unamwekea nani."

"Na sauti ya mwanangu? Utairudisha?"

"Kilichotolewa kwa kinywa hakirudi, binti yangu." Alikuwa amekwisha kusimama, akitafuta viatu vyake. "Tutamzalia nyingine."

Walirudi jua likiwa bado juu. Bibi Mkunga alifungua madirisha yote, akaweka chungu katikati ya sebule, kwenye bisi zilizokanyagwa ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifagia. Mwashi aliambiwa akoroge saruji uani, asubiri nyuma ya mlango, asiingie mpaka aitwe kwa jina lake, na ahakikishe anamwona kwa macho huyo anayemwita. Mtoto alivingirishwa shuka nyeupe toka shingoni hadi miguuni. Mama aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mtoto amelazwa kati ya miguu yake.

"Haya," Bibi Mkunga akanong'ona. "Sukuma."

"Nisukume nini, Bibi?"

"Sukuma kama siku ile."

Bi Sindano akafumba macho, akasukuma, akiona haya kidogo, kama mtu anayeigiza. Na uchungu ukamjia wa kweli, ukamkata kiuno vipande viwili, ule ule wa miaka minane iliyopita. Akatoa yowe. Na yowe lake lilipokatika, chungu kikaanza.

"Mama," kilisema. "Mama, unafanya nini?"

Akauma ncha ya shuka.

"Mama, mimi niko huku, mbona unamshika yule, yule si mimi, yule ni bubu, hajui hata jina lako, mimi ndiye ninayejua, mimi ndiye niliyekuimbia ulipokuwa na homa, mimi ndiye niliyekuambia usilie baba alipochelewa, Mama nitazame", na sauti ikatoka chunguni ikahamia kabatini, ikatoka kabatini ikapita chini ya cherehani, ikaja sakafuni ikiburuta kitu chenye maji, ikapanda mguuni mwake, ikafika begani, mpaka midomo baridi ikamgusa sikio na ile sauti aliyoipenda kuliko sauti zote za dunia ikaanza kulia ndani ya kichwa chake, kilio cha mtoto aliyeachwa sokoni, kilio ambacho kikisikika maziwa ya mama hutoka kabla akili yake haijafikiri, "Mama, Mama, niitikie mara moja tu, naogopa", na Bi Sindano akasikia neno likimpanda kooni lenyewe, likafika kwenye meno, likasukuma, naye akaiuma shuka mpaka damu ikamtoka kwenye fizi, huku Bibi Mkunga akimshika goti na kumwambia, "Sukuma, binti yangu, sukuma, usimsikilize, kichwa kimeonekana."

Kisha mkunga akanyakua ndoo ya maji baridi, akammwagia mtoto usoni, akampindua, akamchapa nyayo kwa kiganja mara moja, kofi la sauti.

Chiriku akalia.

Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, chembamba, cha kukatikakatika, kilichotoka kwenye kifua cha binti mkubwa. Alilia kwa hasira ya aliyetolewa penye joto. Bi Sindano akamkumbatia pamoja na shuka na maji yote, naye pia akalia, na ile midomo ikaondoka sikioni mwake.

Bibi Mkunga alikwenda hadi dirishani, akamtazama mwashi macho kwa macho, ndipo akamwita. Mwashi akaingia na karai, akamimina saruji chunguni. Sauti iliendelea kuongea chini ya saruji kwa muda, kwa kasi, porojo bila pumzi, mpaka maneno yakawa mapovu na mapovu yakakoma. Jioni ile ile kabla jua halijazama, mwashi na vibarua wawili wakakitia chungu kwenye shimo la machimbo ya mawe yaliyoachwa, penye maji ambayo hakuna aliyewahi kuyapima kina.

"Kimezama, Bibi," alikuja kutoa taarifa.

"Chungu kimezama," Bibi Mkunga akajibu. "Kama mwenyewe alikuwemo bado, hilo silijui." Na akakataa kusema zaidi.

Chiriku alijifunza kusema upya, ba-ba, ma-ma, kwa majuma matatu. Sauti iliyokuja ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, ya mtoto asiyetumia maneno ovyo. Baba yake alipoisikia kwenye simu mara ya kwanza aliuliza, "Nani mwenzangu?" Mjomba alikuja kila Ijumaa, akamsomea vitabu, hakumtania tena yeye wala mtu yeyote. Na katika nyumba ile hakuna aliyemwita mwenzake akiwa chumba kingine. Ukimhitaji mtu, ulinyanyuka, ukamwendea, ukasimama mbele ya macho yake.

Miezi ikapita, wakaanza hata kucheka. Wateja wakarudi. Alasiri moja alifika mama kijana, mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba, kuja kupima gauni la kulegezwa kiunoni. Alisimama mbele ya kioo huku Bi Sindano amepiga magoti nyuma yake akikunja upindo, pini tano zimebanwa midomoni. Chini ya meza ya kukatia, Chiriku alikuwa akipanga vifungo kwa rangi, kimya.

"Fundi, una roho ngumu wewe," mteja akasema kwa utani, akijishika tumbo.

Bi Sindano akaguna kuuliza kwa nini.

"Binti yako huko uani, alikuwa anakuita nilipokuwa nabisha hodi, wewe na cherehani yako wala humjali. Sauti tamu kama ya chiriku! Mimi imenibidi nimwitikie mwenyewe, mara mbili, kabla hujanifungulia."

Chini ya meza vifungo vikamwagika. Bi Sindano akainua kichwa. Kutoka uani, kwa furaha, kama mtoto aliyemwona mtu anayemjua, sauti ikaita, "Mama!"

Akatema pini, akaruka kumziba mteja mdomo, na kiganja chake kilikuta midomo imekwisha kufunguka.

"Abee, mwanangu," mteja aliitika, akitabasamu kwenye kioo. Na mkono wake ukashuka tumboni ghafla, maana kitu kilikuwa kimemgeukia mle ndani.